Lukafu: Kupiga video nyumba yenye mpangaji bila ruhusa yake ni kuvuka mpaka

Siku hizi anayetafuta nyumba mjini Lubumbashi hazunguki tena avenyu kwa avenyu akiuliza. Anaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya makomisionere, kwenye Facebook au TikTok, na huko anaonyeshwa kila kitu: lango la lupango, sebule, jikoni, bafu, mpaka chumba cha kulala. Nyumba za Lukafu nazo zinatafutiwa wapangaji kwa njia hiyo. Jambo lenyewe si baya, maana linaokoa pesa za usafiri na linapunguza udanganyifu wa kuonyeshwa nyumba ambayo haipo.

Ubaya unaanza pale nyumba inayopigwa video ingali na watu ndani. Mpangaji amepewa notisi, au bado anazungumza na mwenye nyumba juu ya kuongeza bei, na tayari komisionere yuko sebuleni ameshika simu. Wakati mwingine mpangaji yuko kazini, na aliyefungua mlango ni mtoto au mfanyakazi wa nyumbani. Jioni, mama mwenye nyumba yake anatumiwa na rafiki video ya kitanda chake, nguo zake zilizoanikwa, dawa juu ya meza na picha ya harusi ukutani. Chini yake kumeandikwa bei kwa dola na namba ya simu ya kupiga.

Mwenye lupango anajibu kwa neno moja: nyumba ni yangu. Ni kweli, kuta ni zake, paa ni lake. Lakini alipopokea garanti na pesa ya mwezi wa kwanza, aliuza kitu: haki ya mtu mwingine kukaa humo kwa amani. Sheria ya mikataba ya tangu tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika Kongo, inamlazimisha anayepangisha amwache mpangaji atumie nyumba kwa utulivu muda wote wa mkataba. Notisi haifuti wajibu huo. Mpaka siku ya mwisho anapotoa mizigo yake, mpangaji bado yuko kwake.

Katiba ya Februari 2006 inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 29 kinasema makao ya mtu hayaingiliwi ovyo, na hata msako hauwezi kufanyika isipokuwa kwa njia na masharti yaliyowekwa na sheria. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kama polisi anatakiwa kufuata utaratibu kabla ya kupita mlangoni, komisionere anayetafuta komisyo yake hawezi kuwa na ruhusa kubwa kuliko ya polisi.

Kuna pia sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1940. Inaadhibu anayeingia kwa vitisho, kwa nguvu, kwa kuvunja, kwa kupanda ukuta au kwa funguo za uongo katika nyumba inayokaliwa na mtu mwingine. Neno la kuangalia hapo ni “inayokaliwa”. Sheria hiyo inamlinda anayeishi ndani, hata kama hati ya lupango ina jina la mwingine. Kama ufunguo wa pili uliobaki mfukoni mwa mwenye nyumba unahesabika kuwa wa uongo, hilo ni la hakimu kuamua. Mwenye nyumba mwenye akili hatataka kuwa wa kwanza kulijaribu mbele ya tribinali.

Juu ya video yenyewe, nchi haiko tena gizani. Kodi ya Numeriki, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya kulinda data za watu, na ridhaa ya mwenye data ni moja ya misingi yake. Sura ya mtu ni data yake. Picha ya mtoto akiwa na sare inayotambulisha shule yake ni data ya mtoto huyo, na hapo mambo yanakuwa mazito zaidi. Wengi wanadhani Kodi hiyo ni ya mabenki na makampuni ya simu tu. Hapana.

Lakini huenda mkaaji wa Lukafu haogopi sana aibu. Anaogopa usiku. Lubumbashi ni mji ambao wakaaji wake wanajua maana ya kusikia milio ya risasi saa nane za usiku na kuomba Mungu wezi wapite. Video ya dakika mbili inamwonyesha mwizi ukubwa wa televisheni, mahali zilipo betri za sola, dirisha ambalo halina vyuma, kufuli ya mlango wa nyuma, na kama kuna mbwa. Komisionere anaona anauza nyumba nzuri. Mwenye nia mbaya anaona ramani. Grupu lenye mamia ya watu halina mlinzi wa kuuliza nani ameingia.

Makomisionere nao wana la kusema, na ni haki kuwasikiliza. Kazi yao haina mshahara, wateja wanataka kuona kabla ya kutoa pesa ya usafiri, na nyumba isiyo na picha inapitwa haraka. Ila hakuna kati ya hayo kinachowazuia kubisha hodi. Kuomba siku na saa, kumwacha mpangaji atoe vitu vyake vya siri, kuonyesha kuta na dari badala ya kitanda na watoto, kutotaja namba ya lupango: yote hayo hayagharimu hata faranga moja.

Kwingine mambo yameshaandikwa wazi. Katika jimbo la Queensland, Australia, mwenye nyumba haruhusiwi kutumia kwenye tangazo picha inayoonyesha vitu vya mpangaji bila ridhaa yake ya maandishi. Karibu zaidi, nchini Kenya, ofisi ya kulinda data iliitoza baa ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 Septemba 2023 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao bila ruhusa yake. Wakati huohuo Shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila ridhaa ya wazazi. Kama sura ya mtu aliyekaa baa, mahali pa watu wote, ina bei hiyo, chumba cha kulala je?

Kongo ina sheria ya upangaji wa nyumba za kuishi, ya tarehe 31 Desemba 2015. Ndiyo iliyoweka garanti isipite miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, na kila mtu mjini anajua jinsi inavyoheshimiwa. Haikufikiria simu zenye kamera. Pengo hilo linaweza kuzibwa bila kusubiri Kinshasa: mkataba wa upangaji huandikwa, na mistari miwili inatosha, kwamba hakuna picha wala video ya ndani bila ruhusa ya mpangaji kwa maandishi, na kwamba tangazo litaondolewa nyumba ikishapata mtu. Ofisi za Habitat za komine zingeweza kuanza kuidai mistari hiyo kesho. Ni ofisi hizohizo zinazopatanisha mpangaji na mwenye nyumba kabla kesi haijafika Tribinali ya Amani.

Mpangaji mwenyewe anaogopa kulalamika. Ana deni la mwezi mmoja, au hana mkataba wowote ila risiti ya daftari, na anajua akisema sana atatafutiwa sababu ya kutoka. Ndiyo maana jukumu la kwanza ni la mwenye nyumba, aliye na nguvu, wala si la mama anayekuta kitanda chake kwenye simu ya jirani.

Na yule anayehamia baada yake asifikiri ameokoka. Komisionere anafuta video kwenye statisi yake, lakini imeshapita katika magrupu kumi. Miezi sita baadaye watu bado wanabisha hodi asubuhi, simu mkononi, wakiuliza kama nyumba hii ndiyo ile.