Kirumba: kabla ya kununua jenereta kubwa, tupime ile tuliyo nayo

Hapa Kirumba, teritware ya Lubero, mwenye kinu cha mihogo akiona mazuti yanaisha haraka, mara nyingi anawaza kununua jenereta kubwa zaidi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo faida yake inapoliwa.

Lita moja ya mazuti ina nguvu ya karibu kilowati-saa 10. Jenereta nzima, ikibeba mzigo unaoifaa, hutoa umeme wa kama kilowati-saa 3. Nyingine zinapotea katika joto na moshi. Ile kubwa inayowasha taa 5 na friji moja tu hutoa umeme mdogo zaidi kwa kila lita, tena injini yake hujaa masizi na kufa mapema. Ukubwa wa jenereta si sifa, hata kama mtaa mzima unaisikia.

Mazuti hayo yanapita Barabara ya Kitaifa namba 2, na tangu M23 iingie Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, hakuna mfanyabiashara anayehitaji kuelezwa maana ya kupoteza lita. Kituo cha Luviro, chenye megawati 14.6, kiko katika teritware hii hii. Lakini kinu chenye mkanda unaoteleza na nyundo zilizochakaa, hata kikipata umeme wa maji, utalipia upotevu uleule.

Mpango unaanza na daftari: lita zilizoingia, saa ambazo mashine imezunguka, magunia yaliyosagwa. Wiki 2 zinatosha kuonyesha pesa inavujia wapi.

Nchini Kenya, kanuni za 2012 ziliwataka wanaotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka wakaguliwe kila miaka 3, kisha watekeleze angalau nusu ya akiba iliyoonekana. Sisi hatuombi makubwa hayo.

Kigumu kwetu ni majengo. Mwenye depo anajenga bila madirisha kwa kuogopa wezi, na ana haki ya kuogopa. Ila mpangaji ndiye anayewasha taa saa sita mchana, na mazuti ni yake. Mabati 2 au 3 yanayopitisha mwanga juu ya paa yangemaliza shida hiyo bila kumfungulia mwizi njia. Wapangaji wayadai kabla ya kutia sahihi mkataba, na chama cha wafanyabiashara kiwaagizie kwa pamoja ili bei ishuke.