Tujifunze Kifaransa: Kofia Ndogo Juu ya Kitenzi

Wanafunzi kadhaa wametuletea swali moja, nasi twaliona ni swali la haki. Wauliza hivi: Je, yatupasa kweli kujifunza vitenzi vya Kifaransa katika ule wakati uitwao « imparfait du subjonctif »? Mbona hatumsikii mtu akiusema, wala njiani, wala redioni, wala Wafaransa wenyewe wanapozungumza? Wazazi nao hushangaa wamsikiapo mtoto usiku, karibu na taa, akikariri « que j'aimasse, que tu aimasses », kama mtu aliyeshikwa na homa.

Twajibu mara moja: yapasa kuujua. Kuutumia ovyo ni jambo jingine, tutalifikia hapa chini.

Tutazame kwanza sentensi mbili. « On le soigna de telle sorte qu'il fut guéri. » Na hii: « On le soigna de telle sorte qu'il fût guéri. » Msomaji mwenye haraka atadhani tumeandika sentensi moja mara mbili. Sikio nalo halitamsaidia, maana « fut » na « fût » hutamkwa sawasawa. Tofauti ni ile alama ndogo juu ya herufi u, ambayo watoto huiita kofia. Lakini angalieni maana. Sentensi ya kwanza yasema: walimwuguza hata akapona. Ya pili yasema: walimwuguza kwa namna ya kumponya, ili apone. Katika ile ya kwanza mgonjwa ni mzima, pengine amekwisha kurudi shambani kwake. Katika ya pili hatujaambiwa lolote. Pengine alipona, pengine walimzika. Kofia moja tu, na habari ya mtu inageuka.

Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wasemao kwamba wakati huu umekufa, basi uzikwe. Katika mazungumzo umetoweka, ni kweli. Lakini fungua kitabu cha Bossuet, cha Voltaire, cha Chateaubriand au cha Flaubert, utaukuta umo. Mwanafunzi asiyeutambua atadhani kofia ile ni kosa la mpiga chapa. Atasoma « vînt » kana kwamba ni « vint », naye ataamini kwamba mgeni amefika, kumbe watu walikuwa bado wanamngoja.

Kwa nini jambo hili latutatiza sisi kuliko mengine? Twadhani sababu imo katika lugha yetu. Sisi twasema: Nataka asome. Jana je? Nilitaka asome. Neno « asome » halikubadilika hata kidogo, ingawa kutaka kwenyewe kumekwisha kupita. Kiswahili chatosheka kuweka wakati mahali pamoja, mwanzoni. Kifaransa cha vitabuni chataka vitenzi vyote viwili viende pamoja, mkubwa na mdogo: « Je veux qu'il lise », lakini « Je voulais qu'il lût ». Mtoto wetu afuata akili ya lugha yake, aandika « Je voulais qu'il lise », na mwalimu mkali ampigia mstari mwekundu.

Basi mwalimu huyo na ajue kwamba Serikali ya Ufaransa yenyewe imekwisha kulegeza kamba, tena mara mbili. Amri ya tarehe 26 Februari 1901 iliruhusu katika mitihani watu waandike « il faudrait qu'il vienne » badala ya « qu'il vînt ». Amri nyingine, ya tarehe 28 Desemba 1976, ilieneza ruhusa hiyo hata baada ya kitenzi cha wakati uliopita. Kwa hiyo « Je voulais qu'il lise » si kosa tena. Wafaransa wametembea safari ndefu, wakafika pale pale tulipokuwa tumeketi sisi!

Sasa tuone jinsi ya kuunda wakati huu. Hapa wengi huogopa bure. Shika kitenzi katika ule wakati wa kusimulia uitwao « passé simple », nafsi ya pili ya umoja: « tu aimas, tu finis, tu lus, tu vins ». Mwishoni ongeza « se »: « que j'aimasse, que je finisse, que je lusse, que je vinsse ». Kisha endelea: « que tu lusses, que nous lussions, que vous lussiez, qu'ils lussent ». Nafsi ya tatu ya umoja peke yake haiendi na ndugu zake. Ondoa ile s, ivike vokali kofia, malizia kwa t: « qu'il aimât, qu'il finît, qu'il lût, qu'il vînt ». Vitenzi vinavyotusumbua katika nyakati nyingine, hapa vinatii kama vingine: « tu fus » chazaa « que je fusse, qu'il fût », « tu eus » chazaa « que j'eusse, qu'il eût ». Mkaidi mmoja ni « haïr ». Huandikwa « qu'il haït », bila kofia, kwa kuwa zile nukta mbili zimekwisha kukaa juu ya i na hakuna nafasi ya mwingine.

Waliopita seminari watapenda kujua asili yake. Kwa Kilatini walisema « amavissem », nacho kikafupishwa kuwa « amassem ». Huko ndiko kulikotoka « que j'aimasse ». Kofia nayo ina asili yake. Zamani Wafaransa waliandika « aimast », kwa s. Baadaye s ile haikusikika tena mdomoni, ikaachwa, na alama ikawekwa mahali pake, kama msalaba juu ya kaburi. Kamusi ya Akademia ya Ufaransa ya mwaka 1740 iliondoa s nyingi za namna hiyo. Hata mwaka 1990, yalipotolewa mapendekezo ya kuondoa kofia juu ya i na u katika maneno mengi, miisho hii ya vitenzi iliachiwa kofia zake. Wataalamu waliona, kama tulivyoona kwa mgonjwa wetu, kwamba bila kofia maana inapotea.

Katika imla, mwanafunzi atajuaje kama kofia yatakiwa au haitakiwi, maana sikio halisemi kitu? Walimu wengi hufundisha kugeuza sentensi iwe ya wingi: ukisikia « furent », usiweke kofia; ukisikia « fussent », weka. Ni njia nzuri kwa yule aliyekwisha kulizoea sikio la Kifaransa. Kwa watoto wetu twapenda njia nyingine: waigeuze sentensi katika Kiswahili. Kitenzi kikitoka na -li- au -ka-, kama « alipona » au « akapona », kofia haipo. Kikitoka na ile e ya mwisho, kama « apone », « aje », « asome », kofia ipo. Mtoto anayo kipimo hicho kinywani tangu alipoanza kusema, wala hakununua kitabu.

Lakini kipimo hiki kina mipaka yake, nasi hatutaki kuwadanganya. Baada ya « bien que » na « quoique » Kiswahili chasema « ingawa alikuwa », kwa -li-, na Kifaransa chataka « fût ». Baada ya « avant que » sisi twasema « kabla hajafika », nao waandika « avant qu'il arrivât ». Kadhalika maneno ya furaha, huzuni na hofu: « Il était triste qu'elle fût partie », alisikitika kwa kuwa ameondoka. Hizo lazima zijifunzwe kwa moyo.

Twaja sasa kwenye matumizi. Tumepata kuona barua ya kijana mmoja aliyemwandikia mkubwa wa shule, akiomba karatasi ya matokeo yake. Aliandika: « Il serait bon que vous m'envoyassiez mon bulletin. » Sarufi haina la kumshtaki. Lakini yule mkubwa alicheka, akaipitisha barua kwa wenzake, nao wakacheka, na ombi la kijana likasahauliwa mezani. Miisho hii ya « -assions » na « -assiez » Wafaransa wenyewe huikimbia, na wachekeshaji wao wameifanya mchezo tangu zamani. Kijana angeandika « Je vous prie de m'envoyer mon bulletin », angeshika adabu na angeshika bulletin yake. Mtu asiikaze barua kwa vitenzi kama avaavyo kabuti wakati wa jua kali, ili aonekane msomi.

Nafsi ya tatu ya umoja tu ndiyo iliyobaki na heshima katika maandishi: « fût, eût, vînt, pût ». Hizo mwandishi mzuri aweza kuzitumia bila kuchekesha mtu. Tena zimebaki misemo michache ambayo yafaa kuikariri: « ne fût-ce qu'un jour », yaani japo siku moja tu, na « plût à Dieu », yaani laiti Mungu angependa. Huu wa mwisho umewatega wengi, kwa maana « plût » chaweza kutoka katika « plaire », kupendeza, na chaweza kutoka katika « pleuvoir », kunyesha. Mwanafunzi mmoja alitutafsiria: « Mvua ilimnyeshea Mungu. » Darasa zima likacheka, naye mwenyewe akacheka kuliko wote. Hata hivyo tulimpa nusu alama, kwa sababu kitenzi alikitambua.

Haya, shikeni kalamu. Chagueni neno lifaalo katika kila sentensi, mkianza kwa kuigeuza katika Kiswahili: « Il attendit que son père (vint, vînt). » « Après qu'il (eut, eût) mangé, il sortit. » « Bien qu'elle (fut, fût) malade, elle alla à l'école. » « Il cria si fort que tout le village l'(entendit, entendît). » Jihadharini na ya pili, maana huwatega hata waandishi wa magazeti ya Paris. Majibu wiki ijayo.