Jani Nalo Lina Walinzi Wake

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba joto likizidi, vimeng'enya huharibika na usanisinuru hukoma. Hukariri hivyo, wakaandika hivyo katika mtihani, wakapata alama. Mimi naona hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo imfaayo zaidi mtoto wa Khunyangu, ambaye nje ya darasa lake mna mahindi, mtama na muhogo.

Jani halikai kungoja kifo. Mwaka 1962 Mtaliano Ferruccio Ritossa alieleza jinsi chembe za urithi za nzi wadogo wa matunda zilivyoamka ghafla zilipopatwa na joto. Baadaye ikabainika kwamba karibu viumbe vyote, mimea ikiwamo, hujibu joto kwa kuunda protini maalumu. Kazi yake ni ya ulezi: huzishika protini nyingine zinazoanza kukunjuka, zisije zikagandamana na kuharibika kabisa. Baadhi ya walezi hao hukaa ndani ya kloroplasti yenyewe, pale nuru inaponaswa.

Na udhaifu uko wapi hasa? Wengi wangeitaja rubisko, kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi. La, rubisko ni shupavu. Mnyonge ni msaidizi wake, aktivesi, ambaye huondoa sukari zinazokiziba kimeng'enya hicho. Msaidizi akilegea, rubisko hukaa bure kama kinu cha unga kilichokwama na hapana wa kukizibua.

Steven Crafts-Brandner na Michael Salvucci walichapisha uchunguzi wao juu ya mahindi mwaka 2002. Usanisinuru ulidhoofika joto la jani lilipopita nyuzi 38 za Selsiasi, na ilipofika nyuzi 45 rubisko ilikuwa karibu imelala yote. Lakini joto lilipopandishwa taratibu, madhara yalipungua sana, kwani mmea ulipata nafasi ya kuunda aktivesi ya namna nyingine. Hapa ndipo ningependa mwalimu asite kidogo, awaulize wanafunzi maana yake.

Tena nyuzi hizo ni za jani, si za hewa. Udongo ukikauka, mmea hufumba vitundu vya majani yake, ule upoaji wa kutoa mvuke hukoma, na jani huweza kuwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka. Kwa hiyo matandazo shambani si pambo: huhifadhi unyevu, na unyevu hulipunguzia jani makali ya joto. Darasa na litoke nje adhuhuri, lilinganishe mimea iliyotandaziwa na isiyotandaziwa.

Alupe, humu humu Busia, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO. Shule zikiomba kukizuru, wanafunzi waende na swali moja: mbegu zinapochaguliwa, je, hupimwa kwa mavuno pekee, au jani nalo huchunguzwa saa saba za mchana, jua likiwa kali?