Mara isisubiri trauti, ndoano ya kuyu inalipa kuliko wavu

Siku za Jumamosi na Jumapili ni jambo la kawaida kuwakuta watoto wa Musoma wamekaa juu ya mawe kando ya ziwa, kila mmoja na kijiti chake, uzi wa nailoni na ndoano yenye mnyoo, wakivua furu na sato wadogo. Mara nyingine baba au mjomba anayepita husimama, akaomba kijiti, akajaribu bahati yake. Hucheka, hubishana, na jua likizama hurudi nyumbani na mboga ya jioni. Hakuna anayeuita uvuvi huo biashara.

Kwingineko duniani mambo hayo hayo matatu, yaani mtu, ndoano na ndugu zake kando ya maji, ni biashara kubwa. Ulaya na Marekani familia na marafiki husafiri mamia ya kilomita kwenda kuvua samaki aina ya trauti kwenye mito ya milimani. Huvua kwa fimbo nyepesi na kwa chambo kisicholiwa, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ikafanana na mdudu wa majini. Wengi wao wakishampata samaki humwangalia, humpiga picha, kisha humrudisha majini akiwa hai. Fedha yao haimfuati samaki. Inabaki kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mpishi, kwa mwenye gari na kwa kijana wa kijiji anayejua samaki anakaa wapi.

Mchezo huo si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland na kuyapandikiza katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye, mwaka 1948, kilijengwa kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Kenya haikuishia kwenye samaki tu. Kwa miongo mingi mafundi wake, wengi wakiwa wanawake, wamekuwa wakikaa mezani na manyoya ya kuku, uzi na ndoano, wakifunga wadudu wa bandia wanaouzwa Ulaya na Marekani. Trauti walipandikizwa pia Tanzania, katika mito ya nyanda za juu kama ile ya Mufindi.

Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kusikia habari hizo akauliza kwa nini Mara nayo isiletewe trauti. Jibu ni kwamba haiwezi, na hata kama ingeweza haipaswi.

Haiwezi kwa sababu trauti ni samaki wa baridi. Hupenda maji ya nyuzi joto kati ya 10 na 16 hivi, yenye hewa nyingi, yanayoteremka kwa kasi kwenye mawe. Musoma iko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji ya ziwa pale huwa karibu na nyuzi 25. Trauti akitiwa kwenye maji hayo hawezi kustawi.

Haipaswi kwa sababu kanda hii imekwishaonja matokeo ya samaki wa kuletwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Ni kweli alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, na hakuna mfanyabiashara wa Mwanza au Musoma anayeweza kukana hilo. Lakini alikula furu wa kila aina mpaka aina nyingi zikatoweka, na wazee wa mwambao waliozoea mboga ya bei nafuu wanaikumbuka hasara hiyo. Mkoa wenye kumbukumbu ya namna hiyo hauna sababu ya kutafuta mgeni mwingine wa majini.

Tena hauna haja naye, kwa kuwa anayelingana na trauti yupo tayari. Jina lake ni kuyu. Ni samaki wa asili wa ziwa hili na mito yake, mwenye magamba makubwa na sharubu fupi mdomoni, anayependa maji yanayokwenda kasi penye mawe. Anaweza kufikia uzito wa kilo 10. Hula wadudu, konokono, mimea na samaki wadogo, kwa hiyo hupokea ndoano ya mnyoo na hata ya manyoya. Akishanasa hakubali kuja kwa upole, hukimbilia kwenye mkondo na kuvuta mshipi mpaka mvuvi atokwe jasho. Hiyo ndiyo sifa inayowafanya watu walipe.

Tatizo ni kwamba kuyu anakwenda njia moja na ningu, na njia hiyo imezibwa. Mvua za masika na za vuli zinapojaza mito kama Mara, Suguti na Grumeti, samaki hawa hutoka ziwani na kupanda juu kwenda kutaga. Ningu hutaga kwenye mbuga zilizofurika, na vifaranga hurudi ziwani maji yanapopungua. Maana yake ni kwamba kwa majuma machache kila mwaka, samaki wazazi wenye mayai tumboni wanapita wote kwenye mlango mmoja wa mto. Mwenye wavu anajua siku hiyo. Huutega mlangoni, na asubuhi anavuna samaki wa mwaka huu pamoja na wa miaka ijayo.

Nyavu za makila zililetwa ziwani humu, upande wa Kenya, mwaka huo huo wa 1905 ambao Grogan alileta trauti wake. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wameshaandika kwamba ningu wanapungua, na walizitaja nyavu za midomo ya mito kuwa sababu. Leo ningu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Samaki aliyekuwa akibanikwa kwa wingi na kupelekwa magulioni sasa vijana wengi wa Mara wanamjua kwa jina tu. Kuyu naye atafuata iwapo mlango wa mto utaendelea kuwa soko la mtu mmoja mwenye wavu.

Hapo ndipo hesabu ya biashara inapokuja. Chukua mfano wa kuyu wa kilo 3. Akiuzwa Sh 7,000 kwa kilo, anampa mvuvi Sh 21,000, mara moja, na habari inaishia hapo. Sasa chukua familia ya watu watano iliyotoka mjini kwenda kijijini kuvua. Inalipia ndoano tatu kwa Sh 10,000 kila moja, inampa kiongozi wake Sh 20,000, inakodi mtumbwi kwa Sh 30,000, na inakula sahani tano za ugali kwa Sh 5,000 kila moja. Jumla ni Sh 105,000. Bei hizo ni za mfano na kila kijiji kitapanga zake, lakini hata zikipunguzwa kwa nusu, fedha inayobaki kijijini ni zaidi ya mara mbili ya samaki aliyeuzwa kwa kilo. Na kama samaki mwenyewe amerudishwa majini, wiki ijayo anaweza kuuzwa tena kwa wageni wengine.

Mfano wa hapa hapa nchini upo. Katika mito ya Mnyera na Ruhudji, inayoingia bonde la Kilombero, wageni kutoka nchi za mbali hulipa maelfu ya dola kwa wiki kwenda kuvua samaki mwenye meno makali ambaye wao humfananisha na chui milia. Wakishampata humwachia. Mito hiyo haina lami wala hoteli kubwa jirani. Kinachouzwa ni maji safi, samaki wakubwa na mtu wa kuwaongoza wageni.

Mara ina nafuu kuliko Kilombero kwa sababu watu tayari wanapita. Kila tarehe 14 Oktoba macho ya nchi huelekea Butiama kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, na wapo wanaotembelea makumbusho yake mwaka mzima. Barabara ya Mwanza hadi Sirari inapita Bunda, inagusa lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti na kuvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi. Wengi wa wasafiri hao hununua soda na kuendelea. Mwenye nyumba ya wageni Bunda au mama lishe wa Kirumi angefaidika sana kama wachache kati yao wangekuwa na sababu ya kulala usiku mmoja zaidi. Wala si lazima wawe Wazungu. Mwalimu wa sekondari, karani wa benki au mwenye duka la vipuri ambaye ana Jumapili moja ya kukaa na wanawe ni mteja pia, na yupo mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba kumfungia mvuvi maskini mlango wa mto ili tajiri acheze ni dhuluma. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa, kwa sababu mwenye wavu naye ana watoto wa kusomesha. Lakini katazo linalohitajika si la ziwa zima wala la mwaka mzima. Ni la mlango wa mto, kwa majuma ya samaki kupanda. Na haki inataka kwamba wa kwanza kupewa kazi ya kuongoza wageni, kukodisha mitumbwi na kulinda mlango huo wawe wale wale waliotoa nyavu zao. Hao ndio wanaojua mto. Mpango utakaowaacha nje utavunjwa usiku, na utastahili kuvunjwa.

Wengine watataja mamba, nao wana haki. Mamba wa Mara na Grumeti wanajulikana dunia nzima kwa kukamata nyumbu. Mvuvi wa trauti kule Nyeri huingia mtoni mpaka magotini, lakini anayefanya hivyo Kirumi anacheza na roho yake. Kwa hiyo uvuvi wa Mara lazima ufanyike kutoka kwenye ukingo wa juu uliofyekwa vizuri, au kwenye mtumbwi imara wenye jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, mchana tu, na mwenyeji akiwepo. Mahali ambapo kiboko ana njia yake ya kutokea usiku hapafai kabisa. Kutoingia majini kunamkinga mgeni na kichocho pia.

Kwa familia zenye watoto wadogo ipo njia salama zaidi, na hii ni ya mkulima. Ni bwawa la kuchimba. Joto lile lile linalomkataa trauti ndilo linalomfaa sato na kambare. Mkulima wa Butiama au Bunda mwenye udongo wa mfinyanzi na maji ya uhakika anaweza kuchimba bwawa, akapanda vifaranga, na baada ya miezi 6 hadi 8 akawa na sato wa kuvuliwa. Badala ya kuwavua wote kwa siku moja na kubembeleza wachuuzi, anaweza kufungua lango siku za mapumziko. Mgeni analipia ndoano, anavua mwenyewe, samaki anapimwa kwenye mizani, na jiko lipo pembeni. Bei ya samaki aliyevuliwa na mtoto wa mteja haibishaniwi sana.

Yote hayo yatakuwa bure kama maji yenyewe yataharibika. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi, yakanuka, na samaki wengi wakafa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo. Maelezo hayo yalipingwa na wengi, lakini jambo moja halikupingwa na mtu, nalo ni kwamba siku hizo hakuna aliyemtaka samaki wa Mto Mara. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki, wafugaji wanaojaza mifugo kwenye kinamasi na wakulima wanaolima mpaka ukingoni wote wanashika kisu kwenye koo la biashara hii kabla haijazaliwa.

Sheria ya kuanzia ipo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inampa mwenye mamlaka nguvu ya kufunga maeneo na misimu ya mazalia, na kanuni zake zinatambua leseni ya uvuvi wa mchezo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vipo mialoni. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuvua bila kibali, lakini mito na mwambao nje ya mipaka hiyo uko mikononi mwa halmashauri na vijiji. Kinachotakiwa ni halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama kukaa pamoja na BMU, kutaja kila mlango wa mto kwa jina, kuweka tarehe za kufunga kabla ya mvua na kupanga ada ndogo ambayo sehemu yake inabaki kijijini. Afisa uvuvi aonekane mtoni wakati wa samaki kupanda, si baada ya makokoro kukauka juani.

Watoto wale wa Musoma wamekwishajua kwamba ndoano na ndugu wawili watatu hutosha kumfurahisha mtu siku nzima. Wakubwa wao ndio wenye kazi ya kuhakikisha kwamba masika ijayo kuna kuyu aliyepita mlangoni salama, na kuna mtu tayari kulipa ili amvue.