Mwamba ngozi asivutie kwake peke yake

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, siku chache baada ya Idd el-Hajj nilikuta hapa Miyuji ngozi ya mbuzi imetupwa jalalani, inaoza. Hatua chache kutoka hapo kijana alikuwa akishona makubadhi chini ya mwarobaini, akilalamika kuwa ngozi ni ghali. Mama mmoja akaondoka mikono mitupu kwa kuwa bei ilimshinda. Mambo hayo matatu kwa hakika ni jambo moja.

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazitaja ngozi za wanyama miongoni mwa neema zake kwetu. Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.), mke wa Mtume, alikuwa akitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, na pato lake akilitoa sadaka. Basi ni mzazi gani atakayemwonea haya mwanawe kwa kushika msharasi na uzi? Imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) aliona mzoga wa kondoo akauliza kwa nini ngozi yake haikutumiwa, na kwamba maji na qaradh huitakasa. Qaradh ni mti wa jamii ya mgunga, na migunga si migeni katika nchi hii ya Ugogo.

Ama ngozi ya udhiya, Sayyidna Ali (R.A.) aliamrishwa agawe nyama na ngozi, wala asimlipe mchinjaji kwa chochote katika hivyo. Wanazuoni wengi wamemkataza mwenye kuchinja asiiuze, lakini akimpa mhitaji, amepata thawabu. Kwa nini basi kila msikiti usizikusanye siku ile ile, zikatiwa chumvi kabla hazijaharibika, wakapewa vijana mafundi wenye shida?

Bei nafuu huanzia kwenye kisu cha mchunaji. Ngozi iliyotobolewa kwa kisu, au iliyochomwa chapa mgongoni, hupoteza sehemu yake bora. Fundi naye akate viatu na mikoba kwanza, vipande vinavyobaki vifanywe pochi na mikanda ya saa. Mafundi wakishirikiana kununua soli na gundi kwa jumla, gharama itashuka. Ujuzi nao upo: SIDO iliasisiwa mwaka 1973 kuvihudumia viwanda vidogo, na kampasi ya DIT jijini Mwanza inafundisha teknolojia ya ngozi.

Lakini unafuu usitafutwe kwa haramu. Ewe fundi, usiuze plastiki kwa jina la ngozi, wala usifiche soli iliyooza chini ya rangi. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika chakula cha mfanyabiashara, akakuta kilicholowa kimefichwa chini, akatangaza kuwa mdanganyifu si katika sisi. Nawe mnunuzi, kupatana bei ni halali, lakini usimkamue fundi hadi auze kwa hasara kwa sababu watoto wake wamelala na njaa. Kiatu cha mkono kilichoshonwa vizuri hushonwa tena kinapochakaa, ilhali cha plastiki kikikatika hutupwa.

Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake. Muumini huvuta kwa kiasi, akimkumbuka aliyeshika upande wa pili.

Wabillahi tawfiq.