Bunagana ina ushuru, haina mbunge

Lori la saruji likitoka Kisoro, Uganda, halichukui muda mrefu kufika Bunagana. Mji huo mdogo wa mpakani uko Rutshuru, Kivu Kaskazini, na tangu Juni 13, 2022 uko mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kuwa waasi hao wanatoza ushuru pale. Mfanyabiashara analipa ili apite, na akifika upande wa serikali, risiti yake ni karatasi tupu.

Aende kumlalamikia nani? Kwa kawaida, kwa mbunge wake. Lakini Desemba 20, 2023, Congo ilipopiga kura kumchagua Rais na Bunge lenye viti 500, Rutshuru na jirani yake Masisi hazikupiga.

Mwezi huohuo jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilikuwa linafunga virago. Wakenya walianza kuondoka Goma Desemba 3, kwa kuwa Kinshasa ilikataa kuongeza muda wa kikosi hicho baada ya Desemba 8. Kinshasa ililalamika kuwa askari hao hawakupigana na waasi. Wakubwa wa kikosi walisema hawakutumwa kupigana bali kusimama katikati. Ubishi huo waachiwe majenerali. Lililo baya zaidi kwa wenye mizigo ni kwamba jeshi la Jumuiya liliingia na kutoka, na lango la Bunagana halikurudi kwa maofisa wa forodha wa Congo.

Kukosa uchaguzi kuna hasara nyingine inayosahaulika mijini. Congo, kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Mahali ambapo uandikishaji haukufanyika, mama anayeuza maharage hakukosa kura tu. Amekosa pia karatasi ya kuonyesha kwenye kizuizi. Na kwenye vizuizi vya barabara zile, asiye na karatasi huongeza noti.

Serikali inasema haiwezi kupeleka masanduku ya kura chini ya bunduki za waasi. Hapo ina haki. Ila hadi mwanzoni mwa 2025 maelfu kwa maelfu ya watu wa Rutshuru na Masisi hawakuwa chini ya bunduki hizo: walikuwa chini ya maturubai Kanyaruchinya na Bulengo, kandokando ya Goma, ambako wakati huo serikali ilikuwepo na polisi walikuwepo. Tume ya uchaguzi, CENI, ingeweza kuwaandikisha hapohapo, kuwapa kadi, na kuwaachia wachague wabunge wa kwao. Kusubiri vita viishe kwanza ni kumpa mwenye bunduki uwezo wa kuamua nani awe na mbunge na nani asiwe naye.

Arusha nako kuna kazi. Congo ina viti 9 katika Bunge la Afrika Mashariki, sawa na kila nchi mwanachama. Wabunge hao hawahitaji ruhusa ya M23 kuuliza swali moja kuhusu Bunagana: mzigo uliokwisha kulipiwa kwa mabavu utozwe mara ngapi tena kabla haujafika Goma? Uganda, ambayo malori hayo hutoka kwake, nayo ijibu swali hilo.