Msinihesabie vitanda, nihesabieni oksijeni

Safu ya kila wiki ya Swaibu Kalanzi
Mengo, Kampala, Januari 2022

Tangu shule zifunguliwe tarehe 10 mwezi huu, baada ya karibu miaka miwili, Mengo nzima inauliza swali moja: waliolazwa ni wangapi? Mzazi anauliza huku godoro la mtoto likiwa begani. Mshonaji wa sare anauliza. Dereva wa taksi anauliza kwa sauti kubwa kuliko wote, maana anajua namba hiyo ikipanda gari lake linarudi kuegeshwa. Na kwa kuwa Rais Museveni alituahidi mkesha wa mwaka mpya kwamba tarehe 24 baa na disko nazo zitafunguliwa, hata wanaoishi kwa kazi ya usiku sasa wamekuwa wataalamu wa takwimu.

Juzi nilipanda taksi kuteremka mjini. Kijana wa mbele alikuwa na ujumbe wa WhatsApp kuhusu wagonjwa wa korona, akausoma kwa furaha: "Si mnaona? Wodi hazijajaa. Hii Omicron ni mafua tu." Mama mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa na ujumbe uleule kwenye simu yake. "Mwanangu," akamwambia, "mwezi wa kumi na moja walikuwa wachache kuliko hawa. Na mwezi wa tano mwaka jana ulianza hivihivi." Wakaendelea kubishana hadi konda alipowakatiza kwa kudai nauli.

Namba ilikuwa moja, hukumu mbili, na kwa maoni yangu haikuwa na uwezo wa kuzaa hata moja. Mtu huingia katika orodha ya waliolazwa akiwa amevuka vizuizi vingi: amezidiwa, amepata usafiri, amepata pesa, amekuta kitanda, na amepimwa. Kirusi kinahusika na kizuizi cha kwanza. Vingine vyote ni vyetu sisi, serikali yetu na mifuko yetu. Namba ikishuka, kabla ya kupiga makofi uliza ni kizuizi gani kimekazwa. Ikipanda, uliza ni kipi kimelegea.

Tukumbuke wimbi la Delta. Tarehe 18 Juni 2021 nchi ilifungwa kwa siku 42. Taksi zikalala, magari ya binafsi yakalala, bodaboda ikaruhusiwa kubeba mizigo tu, na kafyu ikawa saa moja jioni. Ndiyo, aliyebeba mgonjwa aliruhusiwa kupita. Lakini mgonjwa wa Delta alizidiwa usiku wa manane, na kuruhusiwa kupita si sawa na kuwa na gari. Tena watu walikuwa bado wanakumbuka mwaka 2020, pale mgonjwa alipohitaji kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ili apakiwe kwenye gari, na wajawazito wakateseka hadi amri ikalegezwa.

Halafu kulikuwa na bili. Hospitali kadhaa za binafsi zilidai amana ya mamilioni ya shilingi kabla mgonjwa hajavuliwa viatu, jambo lililolifanya CEHURD, shirika la kutetea haki ya afya, kwenda mahakamani kutaka serikali idhibiti gharama hizo. Jirani yangu wa Kisenyi, muuza vitenge, alimpeleka mama yake katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Amana aliyotakiwa kulipa ilikuwa kubwa kuliko bei ya mzigo wote uliokuwa dukani kwake. Wakageuza. Wakakodi mtungi wa oksijeni, wakaufunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda ili usianguke, na shemeji aliyewahi kuwa msaidizi wa wauguzi akawa daktari wa nyumba. Mama akafukizwa, akanyweshwa majani machungu ya mululuza, na Covidex, ile dawa ya mitishamba, ilipofika madukani akapewa na hiyo. Alipona. Lakini kwa jedwali la Wizara ya Afya hakuumwa kabisa, maana hakupimwa wala hakulazwa. Zidisha nyumba hiyo kwa mtaa, kisha kwa mji, ndipo utajua kwa nini siiamini Juni ya kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine linalowapotosha hata wasomi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta Uganda nzima ina vitanda 55 vya wagonjwa mahututi katika vyumba 12. Vimeongezwa tangu hapo, sawa. Lakini vitanda vikijaa, idadi ya mahututi haiwezi kupanda tena hata ugonjwa ukipanda mara tatu. Mstari unapanda, unafika darini, unalala. Afisa anayeutazama anasema hali imetulia. Nje ya geti hakuna kilichotulia: mtu amekaa ndani ya gari na baba yake anayehema, anapiga simu hospitali ya nne. Mstari uliolala unaweza kumaanisha nafuu, na unaweza kumaanisha pamejaa. Bila kuambiwa vitanda ni vingapi, huwezi kujua.

Kwamba hesabu ya hospitali huwaacha wengi nje, Zambia ilithibitisha kwa njia ya kutisha. Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 zilizofikishwa katika mochari ya hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Lusaka. Maiti 70 zilikutwa na kirusi, karibu moja kati ya kila tano. Wengi wa hao 70 walifia nyumbani, na kati ya waliofia nyumbani hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Wakati huohuo dunia ilikuwa ikijiuliza Waafrika wana siri gani. Na Oktoba iliyopita ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa barani mwetu aliyeambukizwa mmoja tu kati ya saba ndiye anayegundulika.

Basi je, namba huwa ndogo kuliko ukweli siku zote? Hapana, na hapa ndipo Omicron inapotugeuzia kibao.

Afrika Kusini, ambako pamoja na Botswana aina hii ya kirusi ilitangazwa mwishoni mwa Novemba, madaktari wa hospitali za Steve Biko na Tshwane mjini Pretoria walifanya jambo rahisi mno: walizunguka wodi. Tarehe 2 Desemba walikuwa na wagonjwa 42 katika wodi za korona, na 29 kati yao hawakuhitaji oksijeni. Wengi katika wodi hizo hawakuja kwa sababu ya kifua. Walikuja kwa mambo mengine, wakapimwa mlangoni kama anavyopimwa kila anayelazwa, na kirusi kikaonekana. Lete picha hiyo Kampala. Kijana amevunjika mguu kwenye bodaboda, mama amekuja kujifungua, mzee amekuja na kisukari chake cha miaka kumi. Wote wakipimwa wakati kirusi kimeenea mjini kama vumbi la kiangazi, wengi watakutwa nacho, na ripoti itasema wagonjwa wa korona wameongezeka hospitalini. Haitakuwa imesema uongo. Ila mguu utakuwa umehesabiwa kama pafu.

Tena madaktari haohao waliona wagonjwa wa wimbi hili wanakaa wodini kwa wastani wa siku 2.8, ilhali katika miezi 18 iliyotangulia wastani ulikuwa siku 8.5. Fanya hesabu hii kwa vidole. Wodi inapokea watu 10 kila siku. Kila mmoja akikaa siku nane, ukiingia utakuta watu 80 vitandani. Kila mmoja akikaa siku tatu, utakuta 30. Walioingia ni 10 kwa siku, jana na leo, lakini mwenye kuhesabu vitanda atatangaza kwamba ugonjwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana nikisikia "waliopo hospitalini ni kadhaa" huwa nauliza: walioingia leo je? Hayo ni mambo mawili, na katika ujumbe wa simu yule kijana na yule mama hawakupewa njia ya kuyatenganisha.

Kijana asije akanielewa vibaya. Tarehe 30 Desemba Afrika Kusini ilitangaza kwamba imevuka kilele na kufuta kafyu, na ni habari njema. Lakini wagonjwa mahututi hufuata maambukizi kwa siku kadhaa, na vifo hufuata nyuma zaidi, kwa hiyo wodi ya leo inatuonyesha Kampala ya kabla ya shule kufunguliwa. Na ugonjwa mwepesi ukiwapata watu wengi kwa mpigo bado huwafikia wazee wengi ambao hawajachanjwa. Yule mama wa kiti cha nyuma alikuwa na haki ya kuukumbuka mwezi wa tano.

Sisi wa Mengo tusingepaswa kufundishwa haya na watu wa Pretoria. Hospitali ya Mengo, iliyo juu ya kilima chetu cha Namirembe, kongwe kuliko zote Uganda, ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari wa wamisionari wa CMS, mtu aliyekuwa na ugonjwa wa kuandika. Wagonjwa wake aliwawekea majalada yenye maelezo ya kina, mengine yakiwa na michoro ya mkono. Majalada hayo yamehifadhiwa katika maktaba ya tiba ya Makerere yenye jina lake. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack waliwaona hapa wagonjwa wa kwanza wa malale. Walikuwa wachache. Aliyetazama wodi ya Mengo peke yake angesema ni ugonjwa mgeni wa watu wachache. Kumbe Busoga na visiwani mwa Ziwa Victoria vijiji vilikuwa vinaanza kuhamwa, na ndani ya miaka michache waliokufa walikadiriwa kupita 200,000. Wasoga hawakuwa na bodaboda ya kuwaleta Namirembe.

Majalada hayohayo yalitumika tena baadaye kwa akili ninayoihusudu. Mwaka 1964 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchambuzi wa kansa katika kumbukumbu za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956, kazi iliyowahusisha madaktari wa Makerere akiwemo J. N. P. Davies. Walitaka kujua kama kansa zilizoonekana Kampala wakati wao zilikuwepo tangu zamani. Kuhesabu wagonjwa tu kusingewasaidia: hospitali ilikuwa imekua, barabara zimefunguliwa, watu wamezoea dawa za kizungu, hivyo idadi ingepanda hata kama ugonjwa haukusogea. Ilibidi walinganishe kansa na kansa ndani ya majalada yenyewe, waone kila moja ilichukua sehemu gani. Watu wale hawakuwa na kompyuta kama hii niliyo nayo mfukoni, ila walijua kwamba hospitali hupima ugonjwa na pia hujipima yenyewe.

Kwa hiyo ombi langu kwa Waziri wa Afya, Daktari Jane Ruth Aceng, na wizara yake ni dogo na halihitaji mkopo. Pamoja na waliopo vitandani, tupeni walioingia siku hiyo. Tupeni waliokuja kwa kifua, mbali na waliokutwa na kirusi wakiwa wamefuata jambo jingine. Tupeni idadi ya vitanda vyenye muuguzi, maana kitanda bila muuguzi ni godoro. Na juu ya yote, tupeni oksijeni: wangapi wanaitumia, mitungi mingapi imekwisha wiki hii, na wangapi waliihitaji wakaikosa.

Ninaishikilia oksijeni kwa sababu mtu anaweza kukutwa na kirusi kwa bahati, lakini hawekewi oksijeni kwa bahati. Mtungi huagizwa, hujazwa, hulipiwa, na mahali fulani kuna daftari ambalo mtu alilitia saini. Najua watoto wachanga wanaitumia, wenye nimonia ya kawaida wanaitumia, waliogongwa barabarani wanaitumia. Basi tulinganishe na Januari isiyokuwa na korona, ziada itajionyesha yenyewe. Na hata mtungi wa kukodi, kama ule wa Kisenyi, ulitoka kwa muuzaji mwenye vitabu. Hesabu ya muuzaji ingemwona mama ambaye hesabu ya hospitali haikumwona.

Naambiwa na rafiki mmoja aliye karibu na wakubwa kwamba namba nyingi namna hiyo zitawatia watu hofu. Mwezi Juni hawakupewa namba nyingi, na sikuona mtu asiyekuwa na hofu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mwaka jana kilio kilifika kwenye simu zetu, msiba juu ya msiba, mapema kuliko taarifa yoyote rasmi. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia fupi zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2020 waliacha kutangaza takwimu, na kwa zaidi ya mwaka mzima majedwali ya dunia yakaonyesha nchi ile kubwa ina wagonjwa 509, bila kuongezeka hata mmoja. Nina jamaa Bukoba na marafiki Mwanza. Katika muda wote huo walinipigia simu kunitajia nani anahema, nani amezikwa, nani amepona kwa nyungu. 509 hawakuitaja hata siku moja.